Maktaba ya Fishi, Nyawera, Bukavu: kwa anayetaka kujua nani alikuwa nani katika Vita vya Msalaba

Bei kwanza, maana najua ndilo mtakalouliza: franka 2,000 kwa nusu siku, dola 5 kwa mwezi mzima, fotokopi franka 200 kwa ukurasa. Mwanafunzi mwenye kadi ya shule analipa nusu. Maji ya kunywa ni bure, chai unaagiza kwa mama anayekaanga mandazi pale chini. Ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kuishi, juu kidogo ya soko la Nyawera, na hakina bango lolote. Mwambie motari akupeleke kwa "papa wa vitabu". Mvua ikiwa imenyesha, shukia sokoni upande kwa miguu, kile kilima hakina huruma kwa pikipiki wala kwa anayeiendesha.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, upande wa Panzi. Kitabu tunachotumia kinamaliza Vita vya Msalaba kwa kurasa mbili: Papa Urbano wa Pili alihubiri, watu wakaenda, Yerusalemu ikatekwa, baadaye ikapotea. Miaka karibu 200, na humo ndani hakuna mtu hata mmoja anayeumwa tumbo, anayedaiwa pesa au anayemwogopa mkewe. Na kalasi yangu ina watoto wa Kikristo na wa Kiislamu kwenye benchi moja. Maswali yao siyo ya kurasa mbili. Ndiyo maana nilipanda kile kilima.

Mwenye mahali ni mzee aliyetumikia maktaba ya mapadri kwa miaka mingi, akastaafu, akaanza kupanga vyake. Sote tunamwita Papa, naye ananiita Mama Mwalimu hata pale ninapomkasirikia. Vitabu vyenyewe si vingi, rafu tatu tu. Kuna kompyuta moja ya zamani inayokula sola, ndani yake amehifadhi mkusanyo mkubwa wa mashahidi wa vita hivyo uliotolewa na akademia moja ya Paris kati ya 1841 na 1906, majuzuu 16, yakiwemo ya Kilatini, ya Kigiriki, ya Kiarmenia na ya Kiarabu. Sehemu anazoombwa mara nyingi amezichapisha kwenye karatasi na kuzishona. Lakini mtu hapandi kule kwa ajili ya kompyuta. Anapanda kwa ajili ya fishi, yaani kadi za maelezo.

Fishi zimo katika masanduku ya mbao yaliyotengenezwa na seremala wa Kadutu. Hazikupangwa kwa matukio wala kwa miaka, zimepangwa kwa watu. Kila mtu ana fishi yake: alizaliwa wapi, alikufa lini kama inajulikana, nani anamtaja. Chini ya hapo kuna mistari miwili ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote cha shule: huyu shahidi alikuwepo au alisimuliwa? Na aliandika baada ya muda gani? Nukta nyekundu ni aliyekuwepo, ya buluu ni aliyesimuliwa. Mfumo wote ni huo.

Chukua Clermont, tarehe 27 Novemba 1095, siku Papa Urbano alipowaita Wafranki, yaani Wakristo wa Ulaya Magharibi, waende Mashariki. Tuna matoleo kadhaa ya hotuba ile, na kila mwandishi anampa Urbano maneno tofauti. Fishi ya Guibert de Nogent ina nukta ya buluu, hakuwepo. Foucher de Chartres huenda alikuwepo, kwa hiyo nukta yake imechorwa nyekundu kwa penseli, si kwa kalamu. Na maandishi haya tuliyonayo yaliandikwa baada ya Yerusalemu kutekwa, yaani waandishi walikwisha kujua safari ilivyoisha walipokuwa wakimwandikia Urbano hotuba yake. Nilipoisoma ile nukta ya penseli nilijua kwamba dola yangu haikupotea.

Papo hapo nyuma yake, maana Papa wetu wa vitabu huweka watu wanaojibizana pamoja hata kama hawakuwahi kuonana, ipo fishi ya as-Sulami, mwanachuoni wa Dameski, ambaye mwaka 1105 alikuwa msikitini akiwahimiza watu wa Shamu wafanye jihadi dhidi ya Wafranki. Waliomsikiliza walikuwa wachache. Watawala walikuwa na ugomvi wao kwa wao.

Fishi niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni ya mtu asiye na jina kubwa: Achard de Montmerle. Mwaka 1096 alikwenda kwa watawa wa Cluny akaweka rehani ardhi yake. Wakampa sou 2,000, sarafu za wakati ule, na nyumbu wanne. Masharti: akifa njiani, au akiamua kubaki kule Mashariki, ardhi inakuwa ya Cluny. Aliuawa karibu na Jaffa mwezi Juni 1099, wiki chache kabla ya Yerusalemu kutekwa. Hati kama yake ndizo zilizomfanya mwanahistoria Mwingereza Jonathan Riley-Smith akatae ile hadithi tuliyofundishwa sote, kwamba waliokwenda walikuwa vijana wasio na urithi, wakitafuta utajiri. Safari iligharimu mapato ya miaka kadhaa ya askari wa farasi. Familia ziliuza, zikakopa, zikaweka rehani. Niliwasomea wanafunzi hati ile bila kuwaambia ni ya mwaka gani. Mmoja akauliza kama ni mambo ya hapa Bukavu, baba kauza parseli ya ardhi ili mtoto asafiri. Mwaka huu hakuna somo lililonyamazisha kalasi kama hilo.

Godefroid de Bouillon naye yumo, bila shaka. Papa anasema baba yake, aliyesomeshwa na wamisionari wa Kibelgiji, alimtaja kana kwamba ni jirani. Si ajabu: Wabelgiji walimfanya shujaa wao wa taifa, wakamsimamishia sanamu juu ya farasi katikati ya Brussels mwaka 1848, wakati Ubelgiji yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 18 tu. Godefroid aliishi na kufa bila kuisikia Ubelgiji. Fishi yake inasema aliweka ngome ya Bouillon rehani kwa askofu wa Liège ili apate pesa za safari, akatawala Yerusalemu mwaka mmoja, akafa Julai 1100. Ngome haikukombolewa. Hilo la ngome halikuwa kwenye masomo ya baba yake Papa.

Sasa kuna Baudouin IV (si yule mfalme wa Wabelgiji aliyekuja Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960 akaporwa upanga barabarani, ingawa jina ni lilelile). Huyu alikuwa mfalme wa Yerusalemu, na alikuwa na ukoma. Tunajua ulivyogunduliwa kwa sababu mwalimu wake, Guillaume de Tyr, aliandika. Watoto walikuwa wakicheza, wakifinyana mikono kwa kucha, wengine wakilia, yeye halii. Mwalimu alidhani ni ushujaa. Akaja kuona kwamba mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umekufa ganzi. Alipewa taji mwaka 1174 akiwa na miaka 13, akiwa na 16 alikuwepo vitani Montgisard, jeshi lake dogo likamshinda Salahuddin, sultani wa Waislamu, na alikufa 1185. Nukta ya Guillaume hapo ni nyekundu iliyokolezwa. Mimi ni mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu aliyemtazama mwanafunzi wake vizuri, na kwa sababu hiyo tunajua.

Jambo moja litakuudhi mapema: Papa hakupi kitabu cha mwanahistoria wa leo kabla hujasoma mashahidi wawili wanaopingana. Ni sheria ya nyumba. Nilimwambia, "Papa, nina vipindi kesho, nipe ufupisho." Akajibu, "Mama Mwalimu, ufupisho uko kwenye kitabu chenu cha kurasa mbili." Ukishapita hapo anakuwa mkarimu kabisa, anakutafutia hadi unachoka wewe.

Alinipa siku ya 15 Julai 1099, siku Yerusalemu ilipoangukia mikononi mwa Wafranki, kwa sababu nilimwuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa Kivu huuliza kuhusu vita yoyote: walikufa wangapi? Raymond d'Aguilers, padri aliyekuwepo, anasema kwenye eneo la Hekalu watu walipita katika damu iliyofika magotini na kwenye hatamu za farasi. Papa hakusema neno. Akafungua Biblia yake ya Kiswahili, Ufunuo 14:20, akaniwekea kidole penye hatamu za farasi. Raymond alikuwa akiandika Maandiko, si vipimo. Foucher anasema karibu 10,000 walikatwa vichwa, lakini siku hiyo Foucher alikuwa Edessa, mbali na Yerusalemu. Ibn al-Athir anasema zaidi ya 70,000, lakini alizaliwa 1160. Ibn al-Qalanisi wa Dameski, aliyeishi zama hizo, hataji hesabu. Anasema watu wengi waliuawa, na Wayahudi walichomwa moto ndani ya sinagogi lao. Abu Bakr ibn al-Arabi wa Sevilla, aliyeishi Yerusalemu miaka michache kabla, anataja 3,000. Kisha kuna karatasi ambazo hakuna aliyeziandika ili zisomwe na wanahistoria: barua za Wayahudi wa Ascalon, zilizohifadhiwa katika sinagogi kongwe la Cairo, zikiomba pesa za kuwakomboa mateka na kununua tena vitabu vitakatifu vilivyoporwa. Kumbe walikuwepo waliobaki hai. Wana majina, wana deni, wanahitaji nguo na chakula.

Msinielewe vibaya, mauaji yalikuwepo na yalikuwa makubwa, wala Papa haruhusu mtu ayapunguze kwa kucheza na tarakimu. Siku ile alikuwepo mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyetaka tuchukue 70,000 kwa sababu "ndiyo inayojulikana". Walibishana hadi umeme ukarudi, nasi hatukuwa tumejua kwamba ulikuwa umekatika.

Fishi za Waislamu ni chache kuliko za Wafranki ila ni tamu zaidi. Usama ibn Munqidh, mtu wa Shaizar, alizaliwa 1095, mwaka uleule wa Clermont, akaishi hadi 1188. Anasimulia jinsi Watemplari wa Yerusalemu, watawa wa Kikristo waliokuwa pia askari, ambao anawaita marafiki zake, walivyokuwa wakimwachia msikiti mdogo kando ya al-Aqsa aswali. Siku moja Mfranki akamrukia, akamgeuza uso mashariki: sali hivi! Watemplari wakamwondoa. Akarudi, akamgeuza tena. Wakamtoa nje, wakamwomba Usama radhi: huyu ni mgeni, amefika siku hizi tu kutoka kwao, hajawahi kuona mtu anayesali bila kuelekea mashariki. Watoto wangu walicheka, wa benchi zote. Mmoja akasema wanaoleta fujo ni wageni siku zote, na hapo ilinibidi nikumbushe kwamba Watemplari nao walikuwa wageni waliokaa ndani ya msikiti wa watu.

Salahuddin amejaza nusu ya sanduku. Nilipenda kwamba fishi ya Ibn Shaddad, mwandishi wa maisha yake, ina onyo: aliingia katika utumishi wake mwaka 1188, kwa hiyo vita vya Hattin na kurudi kwa Yerusalemu mikononi mwa Waislamu mwaka 1187 hakuviona kwa macho. Lakini kifo cha Machi 1193 alikiona, na anaandika kwamba sultani yule aliacha katika hazina yake dirhamu 47 na kipande kimoja cha dhahabu. Kwa upande wa mfalme Richard wa Uingereza, jalada la mji wa Akka linaanza na tarehe 20 Agosti 1191 na mateka Waislamu wapatao 2,700 waliochinjwa kwa amri yake. Sinema hazianzii hapo.

Mwaka 1204 umepewa bahasha moja nene ambayo ningeshauri kila mweka hazina wa shirika aisome. Mkataba wa Wafranki na Venezia wa 1201: marki 85,000 za fedha kusafirisha watu 33,500 kwa meli. Waliofika ni kama theluthi. Deni lililobaki, marki 34,000. Ili kulipa, wakaiteka kwanza Zara, mji wa Wakristo, halafu wakaishia kuipora Konstantinopoli, mji mkuu wa Wakristo wa Mashariki. Papa amewaweka wawili uso kwa uso: Villehardouin, aliyekuwa miongoni mwa waliosaini, anayeeleza kila kitu kama bahati mbaya na usaliti wa watoro, na Robert de Clari, askari maskini, anayelalamika kwamba wakubwa walijigawia nyumba nzuri kabla wadogo hawajajua. Wote wana nukta nyekundu.

Basi kasoro, maana zipo. Mwandiko wa Papa ni wa zamani, mdogo, umelala, baadhi ya fishi unasoma kwa kubahatisha. Kiarabu hakuna anayekisoma pale ndani, tunategemea tafsiri ya Kifaransa ya karne ya 19, na Kilatini cha mashahidi wengi wa Magharibi hakikufasiriwa kabisa katika yale majuzuu. Abbé mmoja, padri, anayefika mara kwa mara husaidia akiwa na nafasi. Kupiga picha kwa simu ni marufuku, jambo ambalo nalielewa kwa mtu anayeishi kwa fotokopi, lakini fotokopi yenyewe inatoa mistari myeusi katikati ya ukurasa na unalipa vilevile. Meza ni moja. Ukikuta wanafunzi wanne wanaoandaa kazi ya mwisho wa mwaka, rudi nyumbani.

Kasoro kubwa kuliko hizo: wapi wengine? Mauaji ya Wayahudi wa Speyer, Worms na Mainz mwaka 1096, kabla hata safari haijafika popote, yana fishi chache mno, na nyingi ni za wauaji. Wanawake, wachache. Anna Komnene, binti wa kaisari wa Konstantinopoli, ana fishi ndefu, ni haki yake, kwa kuwa alikuwa msichana wa miaka 13 hivi Wafranki walipofika kwa baba yake Konstantinopoli, na uzeeni aliandika hata kidevu cha Bohemond, mmoja wa viongozi wao, kilivyonyolewa. Marguerite de Provence, mke wa Louis IX mfalme wa Ufaransa, yumo pia: Damietta, Misri, 1250, mume katekwa, yeye anajifungua siku tatu baada ya habari, amemwapisha mzee wa miaka 80 anayelala kando ya kitanda kwamba mji ukiingiliwa amkate kichwa, na mzee anamjibu kwamba alikwisha kulifikiria hilo. Bado na uchungu wa uzazi, aliwaita wafanyabiashara wa Pisa na Genova waliotaka kukimbia, akanunua chakula chote cha mji kwa pesa za mfalme ili wabaki. Nikauliza fishi ya yule wa upande wa pili, Shajar al-Durr, mjane aliyeficha kifo cha sultani wa Misri mwezi Novemba 1249 ili jeshi lisivunjike, na mwaka uliofuata akatawazwa mwenyewe. Haikuwepo. Papa alikuna kichwa, akanipa karatasi tupu na penseli: "Andika, Mama Mwalimu. Nukta yako ni ya buluu." Niliandika. Alinipunguzia mwezi ule dola moja.

Nani aende? Mwalimu, mwanafunzi anayeandaa kazi ya kumaliza chuo, mhubiri yeyote, padri, pasta au imamu, anayependa kutaja vita hivi mimbarini. Anayetaka jibu la kunakili usiku mmoja atapoteza franka zake na atamchosha mzee. Watoto wa chini ya kidato cha tatu wasiende peke yao, si kwa ukali wa Papa, ni kwa sababu ya jalada la Ma'arra, mji wa Shamu, mwaka 1098, ambapo Wafranki wenyewe wanaandika kwamba wenzao wenye njaa walikula maiti. Hilo jalada halina onyo juu yake na linapaswa kuwa nalo. Nimemwambia.

Panafunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu hadi saa kumi, Jumatano mchana hapana. Anayetaka Tunis 1270, kifo cha Louis IX, apige simu kwanza: bahasha iliazimwa na mtu anayesema kila wiki kwamba ataileta wiki ijayo.